Kituo Namba 14 ni Mali ya Bibi

"Kituo namba 14. Itale ya chembe kubwa, rangi ya kijivu, yenye maika nyeusi. Juu ya mwamba umetanda unga mweupe, laini, unene wa sentimita 2 hadi 3. Huenda ni feldspa iliyooza ikawa kaolini. Harufu: kali kidogo."

Maneno hayo yamo mpaka leo katika daftari la kijana mmoja aliyekuwa mwaka wa tatu wa jiolojia, siku yake ya tatu fildini, kusini mwa jiji la Mwanza. Aliyaandika kwa penseli, mwandiko safi, akiwa amechutama juu ya jabali pana kama uwanja wa mkutano. Kisha akachota ule unga kwa ncha ya nyundo, akautia kwenye kifuko cha sampuli, akaandika M14. Alikuwa anakaza kamba ya kifuko pale alipohisi kuna mtu nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa huo udaga unaupeleka wapi na nyundo?"

Udaga, kwa asiyejua, ni mihogo iliyomenywa, ikavundikwa siku kadhaa mpaka ikalainika, ikavunjwavunjwa na kuanikwa juani kabla ya kusagwa. Usukumani, kama kuna jabali karibu, hakuna anayehangaika na mkeka. Jabali ni safi, ni pana, linashika joto mpaka jioni, na mbuzi akija anaonekana tangu mbali. Kule mwaloni hata dagaa huanikwa hivyo hivyo. Kwa kumtetea kijana, feldspa iliyo ndani ya itale ikioza kweli hugeuka kaolini, udongo mweupe pepepe. Kikemia alikuwa na hoja. Hoja ilianguka kwenye harufu, maana hakuna kaolini inayonuka mihogo, na hiyo harufu yeye mwenyewe alikuwa ameiandika, kisha akaipita kama hakuiona.

Bibi hakugomba. Alifanya jambo baya zaidi: aliwaita wajukuu waje waone. Kufika saa kumi jioni kijiji kizima kilikuwa kimempa jina, Bwana Mawe. Nasi tumwite hivyo.

Kazi aliyotumwa Bwana Mawe ni nyepesi sana ikisimuliwa darasani. Unatembea. Ukikuta mwamba umechomoza unasimama, unaupa namba, unaandika mahali ulipo, unavunja kipande ili uone uso ambao jua na mvua havijaugusa, unakitazama kwa lenzi inayokuza mara 10, unautaja mwamba kwa jina, unapima mwelekeo na mwinamo wake kwa dira, unafunga sampuli, unaondoka. Unarudia mpaka ramani ijae. Tanganyika ilianza kuchorwa hivyo kwa mpango tangu 1925, ilipoanzishwa idara ya jiolojia ambayo mrithi wake, GST, yupo Dodoma hadi leo. Nchi iligawanywa kwa karatasi za ramani ziitwazo za robo digrii, na jina hilo liliwahi kumgombanisha Bwana Mawe na mwenzake ndani ya daladala, kutoka stendi mpaka mwisho wa lami, kwa sababu kila upande wa karatasi ni nusu digrii, si robo. Kondakta ndiye aliyewaamua. "Nusu mara nusu ni robo," alisema, "na nauli ni ya watu wawili."

Karatasi moja kama hiyo inakamata karibu kilomita za mraba 3,000. Yeye alipewa kipembe tu, kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambako milimita 1 ni mita 50 za ardhi. Penseli yake ilikuwa butu. Mstari wake wa kwanza wa mpaka kati ya aina mbili za miamba ulimeza mji wote wa bibi, kuanzia zizi hadi choo, pamoja na kipande cha shamba la jirani.

Lakini kabla ya kuuchora mpaka wa mwamba, ni lazima uwe na hakika kwamba ulichokikanyaga ni mwamba wenye mizizi. Hapo ndipo Mwanza inapowaumbua wageni. Jiji la Miamba, ndivyo linavyojiita, na Jiwe la Bismarck limekaa pale ziwani kama lililowekwa jana na mtu aliyekusudia kurudi kulichukua. Itale hupasuka kwa nyufa zinazokatana. Maji hupenya humo, hula pembe wakati mwamba ungali umefunikwa na udongo, na udongo ukishachukuliwa na mvua za karne na karne, viini hubaki juu, kimoja kimepanda mgongo wa kingine. Kimoja bado kimeshikana na ardhi, jirani yake ameshaachia. Kwa macho ni mapacha. Ila mwenye dira anaruhusiwa kupima kile kilichoshika tu. Kilichoachia kinatazama popote kilipochoka kubingirika.

Bwana Mawe alitumia saa nzima kwenye jabali moja kubwa kuliko basi. Alipima nyufa, akachora, akapiga picha mbili akiwa ameegemeza nyundo ili ukubwa uonekane. Babu aliyepewa na serikali ya kijiji kuwa mwelekezaji wake alikaa kivulini, fimbo magotini, akimtazama bila kupepesa. Vifaa vilipokwisha kufungwa, babu akauliza:

"Umemaliza, kijana?"

"Nimemaliza, babu."

"Maana hili lilikuwa kule juu. Lilishuka na mvua za El Niño."

Alipoulizwa kwa nini hakusema tangu mwanzo, babu alijibu kwamba alidhani chuoni wanajua.

Kituo namba 19 hakihitaji maneno mengi. Mawe matatu ya kijani iliyoiva, katikati ya nchi ya itale! Bwana Mawe alisisimka, akaandika doleraiti, akaandika kwamba upande wa ndani yana utando mweusi, huenda manganizi. Akapima hata umbali kati ya jiwe na jiwe, akashangaa ulivyolingana. Yalikuwa mafiga. Mwenye jiko alihama, masizi hayakuhama.

Kisha likaja suala la rangi. Namba ya kituo huandikwa kwenye mwamba ili mwingine akija akague, na duka la senta lilikuwa na rangi nyekundu peke yake. Mtanzania yeyote anajua rangi nyekundu inaposimama ukutani: ni ile X ya barabara inayopanuliwa, anza kufungasha. Bwana Mawe hakuwaza hayo. Alipaka 15, 16, 17 na 18, nyekundu, kubwa, zinazosomeka kutoka njiani, na kabla ya adhuhuri mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amefika kwa baiskeli na wazee watatu.

"Mmeanza kubomoa mpaka mawe?"

Kikao kilikaliwa chini ya mwembe. Bwana Mawe alieleza kwa adabu, mikono nyuma, kwamba namba ni ya kumsaidia kulipata jiwe akirudi. Mzee mmoja akauliza, "Kwani linahama?" Lilikuwa swali la haki, ukikumbuka habari za El Niño, na Bwana Mawe alishindwa kulijibu. Azimio: anunue rangi nyeupe mjini, afute nyekundu kwa gharama yake.

Wasioogopa kubomolewa walikuwa na yao. Ni imani ya miaka mingi katika pembe nyingi za Tanzania kwamba Mjerumani alipokuwa akiondoka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifukia rupia na dhahabu, akaacha alama kwenye mawe. Sasa akatokea kijana mwenye ramani, mwenye dira, anayegonga jiwe kisha anaandika kitu na kulifunika daftari. Ungefikiri nini wewe? Aliporudi kwenye kituo namba 22 alikuta pembeni yake shimo la kina cha kiuno, limechimbwa usiku, kuta zimenyooka kama kazi ya fundi. Ilimpasa akasirike. Akafurahi. Shimo lilikuwa limemwonyesha bure jambo ambalo nyundo isingeonyesha: mchanga juu, changarawe ya kwatzi chini yake, halafu itale iliyooza hata unaweza kuimenya kwa kucha. Alipima kila tabaka, akaandika: "Shimo la majaribio. Wachimbaji hawakujitambulisha."

Wiki ya pili wakavuka kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi, wakaelekea Geita. Huko miamba ni ya ukoo mwingine. Vilima vya Geita vina mwamba wa chuma wenye mistari, mstari wa magnetaiti nyeusi juu ya mstari wa silika, mamia kwa mamia, kama kitenge kilichokunjwa kikasahauliwa kabatini kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Dhahabu ya Geita imejificha katika ujirani wa miamba hiyo, ndiyo maana pamechimbwa enzi za Mwingereza, na leo mgodi mkubwa na maduara ya wachimbaji wadogo vinatazamana. Mwamba wa namna hii ni raha kuuandika: mistari inaonekana, mwinamo unaonekana, hata mvivu anapata alama.

Bwana Mawe aliweka dira juu ya tabaka la kwanza: kaskazini. Hatua tano mbele: kaskazini mashariki. Hatua tano tena: mashariki. Moyo ukamwenda mbio. Tabaka limejikunja! Mikunjo ni kweli ipo Geita, tena mingi, kwa hiyo alipata ujasiri. Hadi mchana alikuwa amechora mkunjo mzuri sana, wenye tumbo na kiwiko.

Mwalimu wake alifika akiwa anamenya chungwa. Akautazama mchoro, hakusema kitu. Akachukua dira, akailaza juu ya mwamba, akaisogeza shibiri moja, nyingine, nyingine. Sindano iligeuka huku na huku kama mbwa anayeitwa na watu wawili. Dira ni sumaku, na magnetaiti ni sumaku. Mkunjo wote ulikuwa umo ndani ya dira. Mahali kama hapo unasimama kando, mbali na mwamba, unaulenga kwa macho, au unatumia jua na GPS.

"Na kule Mwanza," mwalimu akauliza, "ulipokuwa unapima, nyundo ulikuwa unaiweka wapi?"

Nyundo ya fildi ni chuma kitupu. Bwana Mawe alikuwa ameiweka kando ya dira, kwa wiki nzima, ili isipotee.

Mchana huohuo aliongeza aibu nyingine, hii ikiwa ya halali kabisa kitaalamu. Jiwe likilowa rangi yake hukolea na chembe hujitokeza, kwa hiyo mwenye lenzi hulilamba pale maji ya chupa yanapokuwa haba. Na ukitaka kujua kama mwamba wa tope una mchanga laini ndani yake, unauma kipande kidogo: ukisikia kukwaruza menoni, mchanga upo. Bwana Mawe aliuma mbele ya kisima chenye akina mama sita. Kanda ya Ziwa udongo wa kutafuna huitwa pemba, unauzwa sokoni, na wateja wake wakubwa ni wajawazito. Mama mmoja alitua ndoo akauliza kwa upole, "Baba, una miezi mingapi?" Kicheko chao kilimsindikiza mpaka kituo kilichofuata, na humo daftarini mwandiko unatetemeka.

Jioni hiyo, penye ugali na sato, mwalimu alimpa pole kwa njia ya walimu, yaani kwa kumtajia aliyepata makubwa zaidi. Mwaka 1911 Mwingereza Arthur Holmes, kijana wa miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Malaria ilimlaza vibaya hata habari za kifo chake zikatumwa kwao. Marehemu akapona, akarudi nyumbani, akawa mmoja wa waliofungua njia ya kupima umri wa dunia kwa kutumia urani na risasi, na ndiye aliyekuja kuupa jina Ukanda wa Msumbiji, ule mfululizo wa miamba geu unaopita mashariki ya Tanzania na kuingia Kenya. "Wewe umeulizwa miezi tu," mwalimu akasema. Halafu, kwa sababu walimu hawajui kunyamaza, akaongeza habari za Ol Doinyo Lengai: lava yake hutoka nyeusi, ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe haraka, hivyo watu wawili waaminifu wanaweza kuandika rangi mbili za mwamba mmoja na wote wakawa sahihi. Bwana Mawe aliupenda mfano huo. Alijaribu kuutumia kwa udaga, haukukubaliwa.

Siku za mwisho walirudi upande wa Mwanza kumalizia kona iliyobaki tupu. Ilikuwa tupu kwa sababu hapakuwa na jiwe hata moja. Mashamba ya pamba, mashamba ya mahindi, ng'ombe, bonde. Bwana Mawe alitembea tangu saa moja asubuhi mpaka saa sita, na daftari lilikuwa na neno moja: "Udongo."

Babu ndiye aliyemhurumia. Akaanza kumwonyesha kwa fimbo, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa ndugu. Hapa juu, mchangamchanga, ni luseni, hulimwa karanga na mihogo. Pale unapoteremka, panapokauka pakawa pagumu kama saruji, ni itogolo. Kule chini, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa gari masika, ni mbuga. Kijana alikuwa akiitikia kwa adabu tu, mpaka kalamu ikaanza kutembea yenyewe. Luseni ni mchanga wa itale iliyovunjika: mwamba upo pale, chini kidogo, umevaa nguo. Mbuga ni tope lililoshushwa na maji likatuama. Babu alikuwa anamsomea mteremko mzima kuanzia juu hadi chini, kwa maneno matatu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani kule Usambara, aliona jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka kilimani hadi bondeni, akaupa mpangilio huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, katena. Vitabu vya udongo duniani vinalitumia. Wasukuma walikuwa na jina la kila pete ya mnyororo huo wakati huo tayari, na neno mbuga limo hata kwenye ramani za jiolojia zilizoandikwa kwa Kiingereza, limesimama palepale bila tafsiri. Kona tupu ikajaa kabla jua halijazama. Babu alidai soda mbili, na kwa maoni yangu alijipunja.

Ramani ilibaki na ajali moja, ya mwisho, nayo haikuwa ya mwambani. Walipohamisha namba za GPS kwenye karatasi, vituo vinne vilivyokuwa ufukweni, kaskazini ya kighuba kidogo, vilitumbukia ziwani. Kosa lilikuwa la zamani kuliko Bwana Mawe. Ramani za eneo hili zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, GPS husoma WGS 84, na tofauti yake huku kwetu ni kama mita 300, karibu yote kwa upande wa kaskazini na kusini. Usipoibadilisha mipangilio ya mashine, kila unachoandika kinasogea kusini bila kelele. Mwenzake alipendekeza waandike kwamba ni visiwa.

Sampuli zilikuwa 31, karibu kilo moja kila moja. Kondakta wa basi aliunyanyua mfuko, akaushusha, akauliza kuna nini. Mawe. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya abiria wote wasikie. Mawe. "Mwanza umeyakosa mawe mpaka uyasafirishe?" Akamtoza nauli ya mzigo, akauweka chini ya kiti cha nyuma, karibu na ndoo ya samaki. Walipofika, karatasi za namba zilizokuwa zimebandikwa kwa gundi zilikuwa zimelowa zikabanduka, na mawe 11 yalikuwa hayana jina. Tangu siku hiyo Bwana Mawe huandika namba mara mbili, kwenye jiwe lenyewe na kwenye mfuko.

Ramani ilipita. Pembeni ya kituo namba 14, hata hivyo, mwalimu aliweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, kwa sababu ya ile nyundo, na mwelekeo wa nyufa zake bado unasubiri kupimwa upya. Kwa hiyo, msomaji, ukipita kusini mwa Mwanza ukaona jabali pana lenye namba 14 kwa rangi nyeupe, tafadhali usiifute. Mwenyewe atarudi. Na kama ni msimu wa mihogo, muulize bibi kwanza pa kukanyaga.